Swali la Mbunge na Takwimu ya Waziri

Shabaha ya makala haya ni kueleza jambo ambalo makada wengi na wanafunzi wa siasa hulipita haraka mno. Jambo lenyewe ni uhusiano uliopo kati ya swali analouliza mbunge Bungeni na takwimu anazozitoa Waziri katika kujibu. Tumezoea kudhani kwamba swali ni la mwanasiasa na takwimu ni ya mtaalamu. Kwamba mwanasiasa akishauliza na mtaalamu akishahesabu, basi mambo yamekwisha. Sivyo yalivyo. Takwimu nayo ni kazi ya watu. Yuko aliyeamua kihesabiwe nini na kisihesabiwe nini, yuko aliyetumwa kuhesabu, na yuko aliyejumlisha. Mbunge asiyezijua hatua hizo anaweza kuuliza maswali mwaka mzima, akajibiwa yote, na wananchi waliomtuma wakabaki pale pale walipokuwa.

Madaraka ya kuuliza

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara hiyo hiyo inaorodhesha njia za kuyatekeleza madaraka hayo. Inafaa msomaji aitazame orodha hiyo kwa makini. Njia inayotajwa mwanzo kabisa si kutunga sheria. Ni kumwuliza Waziri swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Baada yake unafuata mjadala wa utekelezaji wa kila Wizara wakati wa bajeti, kisha mipango ya maendeleo, na hapo ndipo inapotajwa kazi ya kutunga sheria. Ibara ya 100 nayo inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, ili mbunge asishtakiwe mahakamani kwa neno alilolisema humo.

Madaraka haya hayakushuka kama mvua. Yalijengwa katika mvutano. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliwafukuza wabunge kadhaa katika Chama, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti vyao. Swali lililokuwa chini ya tukio hilo lilikuwa ni nani mkubwa, Chama au Bunge. Mwaka 1973 Bunge liliukataa muswada wa kodi ya mapato. Rais alipoonyesha kwamba yuko tayari kulivunja Bunge, muswada ukaletwa tena na ukapita. Mwaka 1975 Katiba ya Muda ilirekebishwa na ukuu wa Chama ukaandikwa ndani yake. Ni marekebisho ya mwaka 1984 yaliyoyaweka bayana madaraka ya Bunge ya kuisimamia Serikali, na mwaka 1992 ukarudishwa mfumo wa vyama vingi.

Kutokana na historia hiyo kumebaki makosa mawili ya kifikra, na yote mawili bado yapo miongoni mwetu. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mbunge wa chama kinachotawala akimbana Waziri kwa swali amekosa nidhamu, kana kwamba nidhamu maana yake ni kunyamaza. Kosa la pili ni kinyume chake: kudhani kwamba swali zuri ni lile linalomwaibisha Waziri. Wa kwanza anaulinda urasimu kwa jina la umoja. Wa pili anatafuta makofi. Hakuna kati yao anayetafuta maji ya wananchi wa jimbo lake. Hata Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ulioandikwa wakati wa chama kimoja, uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na dharau kwa wale wanaowaongoza, na kiongozi asiyetaka kuulizwa tayari ameingia katika majivuno.

Jibu linavyotengenezwa

Utaratibu wenyewe ni huu. Mbunge huliandika swali lake na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Swali likikubaliwa kwa mujibu wa Kanuni, hupelekwa katika Wizara inayohusika. Wizara huuliza mkoani, mkoa huuliza halmashauri, halmashauri humwuliza afisa wa kata, na afisa wa kata, mara nyingi, humpigia simu mtendaji wa kijiji. Kisha safari hurudi juu. Mtendaji hutaja idadi, kata huijumlisha na za vijiji vingine, halmashauri huiingiza katika jedwali, na mwisho afisa wa Wizara huandika aya chache ambazo Waziri au Naibu wake atazisoma Bungeni kwa sauti ya uhakika. Baada ya jibu la msingi, mbunge hupata nafasi ya maswali mawili mafupi ya nyongeza, na Spika akiona inafaa huwaruhusu wengine waongeze yao. Tangu Kanuni za mwaka 2007 kuna pia maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, siku ya Alhamisi, ambayo hayapelekwi mapema kwa maandishi.

Mtu akizisoma Taarifa Rasmi za Bunge za miaka mbalimbali atakutana na swali la aina moja likirudiwa bila kuchoka: je, Serikali ina mpango gani wa kujenga daraja fulani, wa kumalizia zahanati fulani, wa kupeleka umeme katika vijiji fulani? Swali hili lina unyenyekevu, na mbunge akirudi jimboni ataweza kusema kwamba amelisema. Lakini tulitazame kwa jicho la nadharia. Linaomba ahadi, na ahadi ndiyo kitu ambacho Serikali yoyote inacho kwa wingi. Jibu lake linajulikana kabla halijasomwa: Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, na itaendelea kulishughulikia kadiri fedha zitakavyopatikana. Waziri hajasema uongo. Ameulizwa mpango, naye ametaja mpango.

Linganisha na swali la namna nyingine. Katika mwaka wa fedha uliopita zilitengwa fedha kiasi gani kwa daraja hilo, zilitoka ngapi, zilitoka mwezi gani, na mkandarasi amelipwa kwa kazi ipi? Hapa hakuna nafasi ya ahadi. Kila kipande cha jibu kinaweza kukaguliwa na mtu aliyesimama kando ya mto. Naona tofauti ya maswali haya mawili ni kubwa kuliko tofauti ya mbunge wa chama kimoja na wa chama kingine.

Lakini hata swali la pili halitoshi, maana nalo linapewa tarakimu, na tarakimu ina njia zake za kujificha. Ndiyo sababu tunalazimika kuingia ndani ya hesabu yenyewe.

Mita 400 za maji

Tuanze na maji vijijini, kwa kuwa hakuna jambo linaloulizwa Bungeni mara nyingi zaidi ya hilo, na ubovu wa hesabu yake humwangukia mama mwenye ndoo kichwani. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliurudia umbali ule ule, ikafafanua kwamba kila mtu apate lita 25 kwa siku na kwamba kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250.

Kipimo hicho ni kizuri kwa kupanga. Tatizo lilianza pale kipimo cha kupanga kilipogeuzwa kuwa kipimo cha kuhesabu waliokwisha kufikiwa. Tuchukue kijiji cha mfano chenye watu 3,000 na vituo 8. Afisa anazidisha 8 kwa 250, anapata watu 2,000, anawagawanya kwa 3,000, na kuandika kwamba asilimia 67 ya wananchi wanapata maji safi. Hakuna aliyemwona hata mmoja wa watu hao 2,000. Sasa chukulia kwamba vituo 3 kati ya hivyo 8 vimekauka au pampu zake zimeharibika. Vilivyobaki vinahudumia, kwa kipimo kile kile, watu 1,250, yaani asilimia 42. Chukulia tena kwamba vituo vyote vimejengwa katika kitongoji kimoja chenye shule na ofisi, na vitongoji vingine viko kilomita tatu mbali. Asilimia haitabadilika hata kidogo, lakini wa mbali wataendelea kuchota mtoni.

Hili si jambo la nadharia tupu. Serikali yenyewe, katika miaka ya mwanzo ya 2010, iliorodhesha vituo vya maji nchi nzima kimoja kimoja, ikaonekana kwamba zaidi ya theluthi moja havikuwa vikifanya kazi. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mbunge na Waziri walikuwa wakizungumza lugha mbili. Mbunge aliposema watu wangu hawana maji, alikuwa anasema juu ya watu. Waziri aliposema asilimia imepanda, alikuwa anasema juu ya mabomba. Wote wawili walikuwa wakweli, na mjadala haukuweza kusonga.

Swali la nyongeza lenye nguvu hapa ni fupi: katika asilimia hiyo, vituo vibovu vimo au havimo?

Kusoma na kuandika

Mfano wa pili unagusa jambo ambalo Taifa hili linajivunia kwa haki. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka uliofuata TANU ikaazimia kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mitihani ya taifa ikafanywa. Wasiojua kusoma, waliokadiriwa kuwa theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walitangazwa kuwa asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, asilimia 21 mwaka 1981, asilimia 15 mwaka 1983, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Dunia nzima iliyataja matokeo hayo. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilipouliza habari za kusoma na kuandika, wanaojua miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi walikuwa chini ya asilimia 80. Msomaji wa haraka atasema kwamba kuna wakati tulidanganywa. Msomaji makini atauliza kwanza kilichopimwa.

Mitihani ya miaka ya 1970 na 1980 iliwapanga wanakisomo kwa hatua nne. Aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa amejikomboa, na aliyefika ya nne alihesabiwa kwamba anaweza kuutumia ujuzi huo katika maisha yake ya kila siku. Sensa haifanyi mtihani. Karani anamwuliza mkuu wa kaya kama fulani anajua kusoma na kuandika, na mkuu wa kaya anajibu. Hivi ni vipimo viwili tofauti kabisa. Juu ya hayo, kusoma ni ujuzi unaokufa usipolishwa. Katika miaka ya 1980 uchumi ulipobanwa, madarasa ya kisomo yalipungua, magazeti ya vijijini yakawa adimu, na uandikishaji wa watoto katika shule za msingi ukashuka kutoka pale ulipokuwa umefikishwa baada ya mwaka 1977. Mtu aliyefaulu mwaka 1977 na asipate tena kitabu mkononi aliweza, baada ya miaka kumi, kuwa amerudi alikotoka. Jedwali halikurudi naye. Liliendelea kumhesabu kuwa ni msomaji, kwa sababu kipimo kilikuwa cha waliofaulu, na aliyekwisha kufaulu hafutwi.

Mbunge wa mwaka 1986 aliyeridhika na asilimia 90 alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini swali ambalo lingeisaidia nchi lilikuwa la kuwapima tena waliofaulu mwaka 1975.

Mahindi ya Shirika na mahindi ya mkulima

Mfano wa tatu nitaupitia kwa haraka kidogo, ingawa matokeo yake yalikuwa makali. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Taifa la Usagishaji ndilo lililokuwa na madaraka ya kununua nafaka ya chakula kwa bei iliyopangwa na Serikali. Idadi ya tani zilizonunuliwa na Shirika ilijulikana vizuri, kwa maana kila gunia lilikuwa na stakabadhi. Idadi ya tani zilizovunwa ilikadiriwa kwa jicho: bwana shamba alikisia eka, akazizidisha kwa magunia anayodhani eka moja inatoa. Basi ikawa kawaida kuzitumia tani za Shirika kama dalili ya mavuno. Zikipanda ilisemwa kilimo kimepanda. Zikishuka ilisemwa kilimo kimeanguka.

Lakini mkulima hakulilimia Shirika peke yake. Alikula mwenyewe, alihifadhi ghalani, na bei ya ulanguzi ilipokuwa kubwa kuliko ya Serikali, aliuza huko, wakati mwingine ng'ambo ya mpaka. Mwaka wenye mavuno mazuri na bei mbaya uliweza kuonekana katika vitabu kama mwaka wa njaa. Na katika ule mgogoro wa chakula wa 1974 na 1975, manunuzi yaliposhuka vibaya na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, takwimu za Shirika hazikuweza peke yake kutofautisha ukame, bei, na usumbufu wa watu kuhamishwa katika operesheni vijiji wakati wa kulima. Kila mwenye maelezo yake aliitumia tarakimu ile ile. Kampeni ya kilimo cha kufa na kupona ilikuwa ya lazima, lakini taarifa za kampeni zina ugonjwa wake: aliyepewa lengo la eka ndiye huyo huyo anayeripoti eka.

Msomaji asidhani kwamba udhaifu huu ni wa nchi changa tu. Tuitazame Uingereza, ambayo Bunge lake ndilo tuliloazima utaratibu wa maswali. Hadi Oktoba 1982 Serikali ya huko ilihesabu kuwa hana kazi mtu aliyejiandikisha katika ofisi ya kazi kwamba anatafuta kazi. Kuanzia mwezi huo ikahesabu wale tu wanaodai malipo ya Serikali kwa kukosa kazi. Mwaka uliofuata taratibu zilibadilishwa hata wanaume wengi wa miaka 60 na zaidi wakaondoka katika hesabu. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake ya kiofisi, lakini wabunge wa upinzani walibaki wakiuliza kwa miaka mingi: watu wamepata kazi, au wamepoteza jina katika daftari? Mwaka 1998 ndipo Serikali mpya ilipoamua kwamba hesabu kuu iwe ile itokanayo na kuwahoji watu majumbani. Ubepari mkongwe wenye Bunge la karne nyingi nao ulihitaji kusukumwa kwa maswali.

Trilioni 1.5

Turudi nyumbani, katika tukio la karibu zaidi ambalo linaonyesha swali na jibu vikikutana juu ya hesabu yenyewe. Aprili 2018 ilitolewa taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2016/17. Mbunge wa Kigoma Mjini, Ndugu Zitto Kabwe wa upinzani, alichukua makusanyo yaliyotajwa humo, shilingi trilioni 25.3, akatoa fedha zilizotolewa kwa matumizi, trilioni 23.79, akauliza ziko wapi trilioni 1.5 zilizobaki. Neno hilo lilienea nchi nzima kwa siku chache, na mitaani likageuka: lililokuwa swali likawa ni tuhuma ya wizi iliyokwisha kuthibitishwa.

Tarehe 20 Aprili Naibu Waziri wa Fedha na Mipango alitoa maelezo Bungeni. Alisema kwamba Serikali ilikuwa katika mpito kutoka mfumo wa kuhesabu fedha taslimu kwenda mfumo unaohesabu mapato pale yanapostahili hata kama hayajalipwa. Kwa hiyo ndani ya makusanyo yale yalikuwamo mapato tarajiwa, shilingi bilioni 687.3, ambayo hayakuwa mkononi. Yalikuwamo mapato yaliyokusanywa kwa niaba ya Zanzibar, bilioni 203.92. Na katika matumizi hayakuwa yameingizwa malipo ya hatifungani zilizoiva, bilioni 697.85. Ukivijumlisha vitu hivyo vitatu unapata zaidi ya ile trilioni 1.51, na hiyo ziada, kwa maelezo ya Serikali, ilikuwa ni fedha iliyokopwa Benki Kuu kufidia pengo. Baadaye Mdhibiti alifanya uhakiki, na suala likapitia Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo ndiyo mahali pake.

Tukio hili tulichambue bila ushabiki. Swali lilikuwa halali: mtu akipewa tarakimu mbili katika taarifa ya umma, ana haki ya kutoa moja katika nyingine na kuuliza tofauti. Waliosema kwamba kuuliza huko ni uchochezi walikosa. Jibu nalo lilikuwa la aina nzuri, kwa sababu lilivunjwa katika vipande vyenye majina na kiasi, na kila kipande kinaweza kukaguliwa peke yake. Kasoro ilikuwa ya wakati. Maelezo yale yalistahili kuwamo ndani ya taarifa tangu mwanzo, pembeni mwa jedwali, kabla ya mbunge yeyote kuuliza. Serikali inayongoja kuulizwa ndipo ieleze namna ilivyohesabu itaeleza daima ikiwa katika hali ya kujitetea, na anayejitetea haaminiki hata akisema kweli.

Sheria nayo inaingia hapa. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 iliipa Ofisi ya Taifa ya Takwimu madaraka juu ya takwimu rasmi. Septemba 2018 ilirekebishwa hata ikawa ni kosa la jinai kutangaza takwimu zenye kupotosha au kuzitia dosari zile za Serikali. Juni 2019 Bunge lililegeza sharti hilo. Nadhani kulegeza kulikuwa sahihi, na sababu si kwamba kila mwenye karatasi na kalamu ni mtaalamu. Wapo wapotoshaji. Lakini mbunge hupata wapi shaka yake ya kwanza? Huipata kwa mwalimu aliyehesabu madawati, kwa mwanakijiji aliyehesabu mabomba, kwa mtafiti wa chuo aliyepita kaya kwa kaya. Hao wakiogopa kusema hesabu yao, kinga ya ibara ya 100 itabaki kumlinda mbunge asiyekuwa na la kuuliza.

Kada katika mwanzo wa takwimu

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba mambo yote yako Dodoma. Lakini tukumbuke safari ya jibu: inaanzia kwa mtendaji wa kijiji. Yeye hupewa fomu jioni, inatakiwa asubuhi. Anaulizwa kaya zenye vyoo bora, na hajazipita. Mwaka jana aliandika asilimia 70. Akiandika 60 ataulizwa kwa nini ameshuka. Akiandika 75 hataulizwa na mtu. Kada wa tawi anajua, mwenyekiti wa kitongoji anajua, na wote wananyamaza kwa kuwa 75 inakifanya kijiji kionekane vizuri mbele ya wageni. Miezi mitatu baadaye Waziri anasimama Bungeni akiitumia 75 hiyo kueleza kwa nini fedha za mradi zimepelekwa wilaya nyingine yenye hali mbaya zaidi. Kijiji kimejinyima chenyewe kwa mkono wake, na Waziri ambaye hakukusudia kudanganya amedanganya.

Kwa hiyo elimu ya takwimu haiwezi kuachiwa wachumi. Mwanachama anayeweza kugawanya 2,000 kwa 3,000 anaweza pia kuuliza 2,000 zimetoka wapi na 3,000 ni ya sensa ipi. Hili la pili lina uzito wake. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 Tanzania nzima. Ile ya 2012 ilihesabu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Kati ya sensa mbili za mwisho waliongezeka watu karibu milioni 17. Wilaya inayogawanya zahanati zake kwa idadi ya watu ya mwaka 2012 itaonekana imefanya maajabu, kwa sababu tu haikuwahesabu watoto waliozaliwa baadaye.

Tawi au darasa la siasa likitaka kulifanyia kazi somo hili, njia ni nyepesi. Lichukue jibu moja tu lililotolewa Bungeni juu ya wilaya yao. Taarifa Rasmi hupatikana kwa wote. Lipigie mstari kila tarakimu, na kando ya kila moja liandike kilichohesabiwa, aliyehesabu, mwaka uliohesabiwa, na kilichogawanywa nacho. Panapobaki patupu, patembelewe. Kama jibu linasema vituo 8 vya maji, watu wawili wenye daftari wavipite vyote 8 asubuhi moja, wafungue kila bomba, waandike linalotoka na lisilotoka, na waulize jirani limekauka tangu lini. Orodha hiyo ipelekwe kwanza kwa mtendaji wa kata na kwa wahandisi wa maji wa wilaya, maana huenda wana maelezo, au wana vifaa ghalani. Wasipojibu, ipelekwe kwa mbunge mapema, kabla ya mkutano wa bajeti unaoanza Aprili, ikiwa na majina ya vitongoji na tarehe ya ukaguzi, ili atakapoinuka kwa swali la nyongeza awe na la kusoma.